Vipimo vya Madirisha ya Kanada

Barua iliingia kwenye simu yangu saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kupima sampuli. Kazi yangu ni ya maabara. Wenye migodi huleta mawe yaliyosagwa, mimi huyeyusha ule unga katika asidi, kisha huwaambia ndani mna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Ukifika hatua ya kudondosha dawa hutakiwi kutazama pembeni, maana rangi hubadilika kwa tone moja tu. Mimi nilitazama pembeni. Simu ilitetemeka katika mfuko wa koti jeupe, nikaichungulia, na nilipoinua macho sampuli ya mgodi wa Kakanda ilikuwa imekwisha kuharibika. Sikujali hata kidogo. Nilikuwa nimepata kazi Kanada.

Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikacheza. Nilicheza na viatu vya kazini miguuni, vile vizito vyenye chuma mbele, na aliyekuwa chumba cha pili lazima alidhani ninaua nyoka. Kwa miezi mitano nilikuwa nimehojiwa na kuhojiwa tena na bibi mmoja wa ofisi ya ajira ya mgodi, huko kaskazini mwa Kanada wanakozungumza Kifaransa. Mara mbili umeme ulikatika katikati ya mazungumzo. Mara moja nilimalizia nimesimama juu ya kiti uani, mkono mmoja umeinua simu kutafuta mtandao, huku nikieleza kwa sauti ya kitaalamu jinsi ninavyohakiki matokeo yangu. Yule bibi hakucheka. Na sasa alikuwa ameandika kwamba wananitaka, akataja mshahara wa mwezi, na mshahara ule ulikuwa mara saba ya ninaopata hapa kwetu Likasi. Saba! Nilihesabu kwenye simu, nikarudia kwa vidole.

Nilipewa siku kumi na nne za kujibu. Ukurasa wa pili wa fomu ulikuwa na visanduku viwili: nasafiri peke yangu, au nasafiri na familia. Cha kwanza sikukitazama mara mbili. Miaka mitatu ya mwanzo ya ndoa yetu mume wangu alifundisha Kolwezi, mimi nikiwa Likasi, na binti yetu wa kwanza alimjua baba yake kama mgeni wa mwisho wa mwezi. Kila alipoingia mlangoni mtoto alisimama wima na kumwambia, "Bonjour, maître," jinsi alivyowasikia watoto wa jirani wakimwamkia kama mwalimu. Watu walicheka. Mume wangu alicheka pia, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Alipopata nafasi katika shule ya mapadri hapa kwetu, tuliapa kwamba hatutakaa tena mbalimbali, kwa mshahara wowote. Kwa hiyo Kanada ingekuwa ya watu wanne au isingekuwepo.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Nilipompa simu alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Alitoa chaki mfukoni, maana huyu bwana hata Jumapili ana chaki mfukoni, akachuchumaa barazani na kuanza kuandika kwenye sementi. Mshahara mara miezi kumi na miwili. Mara miaka mitatu. Mara miaka mitano. Namba ziliondoka mlangoni zikafika kwenye ngazi. Watoto walikuja kuangalia, wakaambiwa wasikanyage. Tulikuwa tumelewa namba, watu wazima wawili wenye diploma, na katika baraza lile lote hapakuwa na alama moja ya kutoa.

Mtauliza watu wa hesabu na wa maabara wanasahauje kutoa. Nitaeleza, na msicheke kabla sijamaliza. Baba yangu alifanya kazi katika kampuni kubwa ya shaba, enzi kampuni ilipokuwa kampuni. Kazi kwake haikuwa mshahara. Mshahara ulikuwa kitu kidogo cha juu. Kazi ilikuwa nyumba kambini, maji na umeme wa nyumba ile, hospitali, shule yetu na madaftari yetu, na kila mwezi posho: gunia la unga, mafuta, samaki wa chumvi. Mtu akifa, kampuni ilitoa hata jeneza. Nilizaliwa katika hospitali ya kampuni, nikasoma shule ya kampuni, na nilikuwa msichana mkubwa kabla sijamwona mtu akilipa kodi ya nyumba.

Halafu kuna wageni wetu. Siku hizi Likasi ina wahandisi kutoka kila upande wa dunia, na kila mhandisi mgeni amepewa nyumba kwenye zile barabara zenye jakaranda, mlinzi langoni, motoka na dereva wake, jenereta, na tiketi ya kwenda kwao kusalimia. Mshahara wake hauguswi. Unamngoja benki kwao. Sisi tunaofanya nao kazi tunayajua hayo yote, na tumeyanung'unikia miaka mingi. Sasa ilikuwa imefika zamu yangu ya kuwa mgeni. Ingeniingiaje akilini kwamba mgeni wa kule hapewi nyumba?

Mama yangu ndiye aliyeanzisha habari ya mapazia. Kambini nyumba zilijengwa kwa daraja. Mfanyakazi wa chini alikuwa na yake, msimamizi yake, na madirisha ya daraja moja yalilingana kila nyumba bila kupungua kidole. Kwa hiyo mume akipandishwa cheo, mke hakungoja funguo. Alimwendea mwanamke aliyekwisha kukaa katika daraja lile, akachukua vipimo, akashona. Siku ya kuhamia, mapazia yalitundikwa kabla kitanda hakijaingia, maana nyumba yenye madirisha matupu huwaonyesha majirani vyote usivyonavyo. Mama alishona hivyo mara mbili katika maisha yake, na mara ya pili bado anaisimulia: kitambaa cha maua mekundu, na mke wa jirani aliyepita dirishani mara nne akijifanya anatafuta kuku.

Siku ya tatu tulikwenda sokoni. Mama alichagua kitambaa kizito cha kijani, kwa sababu ya baridi, alisema, na alibishana na muuzaji mpaka muuzaji akaomba maji ya kunywa. Tulinunua jora zima. Nyumbani mambo yalikuwa yamekwisha kwenda mbele. Mume wangu alikwisha kumwarifu padri mkuu wa shule. Sufuria yangu kubwa ya harusi nilikwisha kuwapa akina mama wa jumuiya, ambao walikuja kuniombea na kubaki mpaka jioni. Mtoto wetu mdogo, mwenye miaka sita, aliambiwa kule kuna theluji, akaanza mazoezi: kila umeme uliporudi alifungua friza na kutia mikono ndani, akihesabu mpaka ishirini. Wahenga walisema usikate kanzu mwana hajazaliwa. Sisi tulikuwa tumekata, tumeshona, na tunatafuta vifungo.

Kilichobaki ni vipimo. Nilimwandikia yule bibi kwa Kifaransa changu kizuri, kile cha barua. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba tuko wanne, kwamba ningependa nyumba ya vyumba vitatu ikiwezekana, ingawa viwili pia tungevipokea kwa moyo mmoja, na nikamwomba anitumie urefu na upana wa madirisha ili mama yangu aanze kushona. Niliongeza kwamba kama madirisha ya jikoni ni madogo kuliko ya sebuleni, tafadhali aonyeshe tofauti.

Alijibu kesho yake. Barua ile nimeihifadhi, na siku nikijiona mwerevu mno huwa naisoma. Alisema kwa adabu kwamba hakuelewa ni nyumba gani. Mgodi hautoi nyumba. Mfanyakazi anayekuja peke yake anaweza kupata chumba katika bweni la wafanyakazi kwa bei ndogo sana, pamoja na chakula. Mwenye familia hujitafutia nyumba mjini na kujilipia. Aliambatisha orodha ya nyumba za kupanga. Akamalizia kwa kusema habari ya mapazia imemfurahisha, na anamsalimu mama yangu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha nikakasirika, jambo ambalo nalijua vizuri zaidi. Nilimkasirikia yule bibi, ambaye hakuwa amenidanganya hata neno moja. Nilimkasirikia mume wangu kwa kujua kuzidisha. Nilikikasirikia kitambaa. Katika mahojiano yote nilikuwa nimeuliza kuhusu mashine, zamu, asidi, hata glavu, na hili moja sikuliuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilikuwa na siku nane tu za kujifunza.

Nikampigia mwenzangu tuliyesoma naye Lubumbashi, ambaye ana miaka minne Kanada. Alicheka kwanza, muda mrefu, mpaka nikataka kukata simu.

"Ma chère, mpenzi, nyumba gani?" alisema. "Huku tunalipaka hata joto."

Kisha akanieleza polepole. Kodi ya serikali huondoka kabla hujauona mshahara. Nyumba katika miji ile ya migodi ni chache na bei zake zinatisha. Kuna joto la nyumba, nalo hulipiwa kila mwezi. Kuna motoka, maana bila motoka huendi popote, na motoka yenyewe hubadilishwa matairi baridi ikianza. Kuna makoti na viatu, na mwaka unaofuata miguu ya watoto imekua. Alitaja bei ya nyanya moja, tukanyamaza wote wawili kwa heshima. Na kuhusu mume wangu, diploma yake isingetambuliwa pale pale. Angerudi darasani kama miaka miwili kabla ya kumfundisha mtoto yeyote, kwa hiyo tungeishi kwa mshahara mmoja.

Lakini nilipomuuliza kama anajuta, sauti yake ilibadilika. Alisema shule ya watoto halipi, na hospitali, baada ya miezi ya mwanzo, halipi. Maji anayakinga bombani na kuyanywa hapo hapo amesimama. Umeme katika miaka minne ulikatika mara moja, na habari ikatoka gazetini. Kazini kwake kuna mashine inayosoma madini yote kwa mkupuo mmoja, ile tuliyoichora chuoni katika madaftari bila kuiona kwa macho, na yeye anaishika kila siku. Hapo nilisimama. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo barazani, nikasimama, nikaanza kumuuliza inapokea sampuli ngapi kwa zamu, nani anaisafisha, inachemka kiasi gani, na nilisahau kabisa kwamba nilikuwa na huzuni.

Mume wangu alifanya kazi ya kutoa kwa siku mbili, kwenye migongo ya karatasi za mtihani. Nilimshauri aweke na vitu visivyo na bei. Upande wa Likasi aandike jirani anayeanua nguo zetu mvua ikinyesha, maparachichi ya bure, misa tunayoimba wenyewe. Upande wa Kanada aandike umeme na maji. Alikataa. Alisema hesabu haina njia ya kutoa balbu katika parachichi, na kwamba hayo niyapime mwenyewe katika maabara yangu. Akarudi kwenye namba zake.

Jibu lilikuwa hili. Tukienda wote wanne, mwisho wa mwezi inabaki sifuri. Hapa Likasi, kwa mishahara yetu miwili midogo, nyumba tuliyoijenga wenyewe na mahindi ya shamba la mama, huwa tunabakiwa na kidogo. Yaani mshahara mara saba ulikuwa unatuacha pungufu kuliko tulivyo. Kisha kulikuwa na karatasi ya pili: mimi peke yangu, chumba cha bweni, chakula cha bweni. Hapo zilibaki fedha nyingi, nyingi hasa, kila mwezi. Alinipa karatasi zote mbili, akaenda kumwagilia mboga.

Nitasema ukweli, kwa kuwa hizi ni kumbukumbu zangu na si hotuba. Niliitamani ile karatasi ya pili. Niliikunja katika mfuko wa koti jeupe nikaenda nayo kazini, nikaitoa, nikairudisha. Niliwaza ni miaka miwili tu. Niliwaza watoto ni wakubwa sasa, na siku hizi mtu anaonekana uso mzima kwenye simu. Kile kisanduku cha kwanza ambacho sikukitazama mara mbili nilikuwa nimekwisha kukitazama mara mia, na nilikuwa naona haya kukaa meza moja na mume wangu.

Siku hiyo mhandisi mmoja mgeni alikuja kuchukua matokeo yake. Ni mtu mpole, ana miaka saba Likasi, na anajua Kiswahili cha kutosha kununua ndizi na kuomba msamaha. Nilimuuliza waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu, kama mshahara wake unatosha. Alisema unatosha sana. Akanionyesha kwenye simu nyumba aliyoijenga kwao, ghorofa mbili, na bustani, na mkewe amesimama mlangoni na watoto watatu. Nikamsifu. Nikamuuliza chumba chake ni kipi katika zile ghorofa. Alifikiri, akakuza picha kwa vidole, akaelekeza dirisha moja, kisha akabadilisha akaelekeza jingine. Alisema tangu ijengwe amelala humo siku chache tu za likizo, na mkewe huwa anahamisha vitanda. Alichukua matokeo yake, akaniaga.

Jumapili, zikiwa zimebaki siku tatu, tulikwenda baada ya misa kwa wazazi wangu huko mtaa wa Panda, katika nyumba ile ile ya kambi. Mama alikuwa amesonga bukari, ugali wa kwetu, na kupika samaki kwa nyanya nyingi. Tulikula, kisha tukawaeleza kila kitu: nyumba ambayo haipo, karatasi ya kwanza, karatasi ya pili. Baba alisikiliza huku uso unazidi kukaza, kama aliyedharauliwa ni yeye.

"Kazi yenye haina nyumba haiko kazi," alisema. "Njo kibarua. Andika, ulombe nyumba. Ulombe na posho."

Aliendelea dakika nyingi kwamba hicho ni kibarua tu, na kwamba niombe nyumba na posho. Alitaja daraja lake, namba yake ya kazi, uzito wa gunia. Alisema wakubwa wa siku zake walijua kwamba mtu hafanyi kazi vizuri ikiwa mkewe hana unga. Alitaka nimpe kalamu amwandikie yule bibi mwenyewe. Nami, nisifiche, nilianza kukubaliana naye. Hasira yangu nimeirithi kwake, na ilikuwa raha kukasirika tukiwa wawili. Nilikuwa nimekwisha kufungua simu kuandika madai yetu.

Mama alikuwa akinawa mikono kwenye beseni. Aliikausha kwanza, kidole kimoja kimoja.

"Ile nyumba ilitufunga," alisema. "Kampuni ilianguka na bintu yote: posho, hospitali, masomo. Mu mikono yetu haikubakia kintu."

Hakuna kati yetu aliyeisahau miaka ile. Mshahara haukuja mwezi, haukuja mwaka, na baba alikwenda kiwandani kila asubuhi na kofia yake ya kazi, akakaa mbele ya mashine zilizozimwa, kwa sababu kama angeacha kwenda, nyumba ingechukuliwa. Mama ndiye aliyetoka. Alipanda malori mpaka ziwa la Mwadingusha, akarudi na samaki wabichi na wa moshi, akawauza katika soko la Likasi, wiki kwa wiki, miaka. Unga wa kampuni haukunifikisha chuoni. Nilifika kwa samaki wale.

Alisema na mengine, nayaeleza kwa maneno yangu. Posho ilikuwa tamu, lakini miaka yote ile hakuwahi kuchagua unga anaoupika, wala rangi ya mlango wake, wala shule ya watoto wake, na hakujua kama anaweza kuchagua mpaka siku alipopanda lori. Anayekupa fedha mkononi na kukuacha utafute nyumba hajakudharau, alisema. Ni juu yako kuona fedha ile inanunua nini. Kisha akaongeza kwamba kitambaa cha kijani atakikata mashuka, tusihangaike nacho.

Nikamgeukia mume wangu. Tangu siku ya karatasi hakuwa amesema anataka nini, nami nilikuwa naogopa kumuuliza, maana yeye ndiye angepoteza zaidi. Hapa mji mzima unamwamkia mwalimu. Kule angekuwa mwanafunzi mwenye mvi katikati ya vijana, na mkewe ndiye anayelipa. Nilimuuliza mbele ya wote. Alivua miwani.

"Mama ya batoto, minye nachagula zero," alisema. "Ile zero iko na bantu bane ndani."

Sifuri yenye watu wanne: hiyo ilinitosha. Nilifungua fomu. Niliweka alama katika kisanduku cha pili hapo hapo, kwenye meza yenye miiba ya samaki, mtandao ukapotea, ukarudi, ukapotea tena, na sote tukaitazama ile simu bila kupumua mpaka fomu ikaondoka. Mama alipiga vigelegele. Watoto walirukaruka bila kujua vizuri wanarukia nini. Nilikuwa na furaha ambayo siku ya kwanza sikuwa nayo, na mpaka leo, nikingoja tarehe ya safari, bado haijapoa. Siku ya kwanza nilifurahia namba. Sasa namba ilikuwa sifuri, na mimi nilikuwa naona mashine ile, na maji ya bombani, na mume wangu na begi la shule mgongoni. Ng'ombe halemewi na nundu yake, na nilikuwa nimekaribia kuiacha yangu Likasi.

Lilibaki jambo moja gumu, nalo lilikuwa baba. Kwetu mtoto akienda mbali hivyo, wazazi hujua kwamba kila mwezi kitakuja kitu. Bati la nyumba yao ni la zamani sana, mvua ikinyesha wanatega ndoo tatu, na nilikuwa nimemwahidi bati jipya la bluu. Alikuwa amekwisha kuwatangazia wastaafu wenzake mlangoni pa kanisa. Nilisogeza kiti karibu naye nikamwambia kwamba bati halitakuwepo. Hakutakuwa na cha kutuma, mwaka wa kwanza wala wa pili, pengine mpaka mume wangu amalize masomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata ningependelea akasirike.

Hakukasirika. Alimuuliza mume wangu kama hiyo sifuri ni hata mtoto akiugua, hata kiatu kikipasuka. Mume wangu akajibu kwamba ndiyo, ni hata hivyo. Baba alitazama dari, pale penye alama za maji. Huwa ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama," alisema, "mukikosa kule, mutuandikie. Tutatuma."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuna mwingine aliyecheka. Mama alikuwa amekwisha kumuuliza mume wangu fedha ikitoka Likasi inachukua siku ngapi kufika Kanada.